Tulijenga Imara, Mwanga Tukauacha Nje

Kizazi changu kilijenga. Natanguliza neno hilo kwa sababu vijana wanaopita Temeke, Ubungo au Tandika huziona nyumba zetu kwa kutu ya mabati na grili zake, wasilione jasho lililozisimamisha. Wengi wetu tulizaliwa katika nyumba za miti na udongo, na mshahara wa kwanza ulipoingia mkononi tulinunua mifuko ya saruji kabla ya kitanda. Mtu alifyatua matofali mwaka huu, akachimba msingi mwaka wa pili, akafika kwenye linta akasimama, akaja kuezeka mtoto wake wa kwanza akiwa anamaliza shule. Benki haikututazama. Tulijenga kwa akiba ya mwezi na kwa upatu wa kina mama, na nyumba zikasimama. Mchwa hakuzila, masika haikuzibomoa, watoto hawakuvujiwa. Hayo ni makubwa, na anayetaka kutuhukumu aanze hapo.

Nami nilikuwa mwashi, baadaye msimamizi wa ujenzi. Siku hizi nguvu za kupanda jukwaa la mirunda zimekwisha, lakini jamaa na majirani bado huniita niwatazamie viwanja wanavyonunua na nyumba walizorithi. Ninayoyakuta ndani ya nyumba hizo za urithi ndiyo yaliyoniketisha kuandika. Saa nne asubuhi, jua limejaa nje hadi linaumiza macho, na sebuleni taa inawaka. Koridoni unapapasa ukuta. Feni inazungusha joto lilelile la jana. Mjukuu anayefanya kazi zake kwenye kompyuta amefunga pazia, kwa kuwa dirisha pekee alilo nalo linatazama magharibi na kuanzia saa tisa jua humpiga usoni. Nyumba ni imara, haina hata ufa, na mtu hawezi kushinda ndani yake mchana bila umeme.

Ilikuwaje kizazi kilichojua kusimamisha kuta namna ile kikajenga giza? Nimelitafakari swali hili kwa muda mrefu, na jibu nililolifikia ni hili: maisha yetu yalihamia ndani ya nyumba, lakini ramani ya nyumba haikubadilika kuyapokea.

Ili nieleweke, nianzie Lamu. Mji mkongwe wa Lamu, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, una nyumba za mawe ya matumbawe ambazo kila fundi kijana angefaa kuzishindia mchana mmoja na kuzilalia usiku mmoja. Ukipita kichochoroni huoni kitu ila ukuta mrefu, mlango, na daka lenye viti vya mawe pande mbili. Mwanga wote umewekwa ndani. Ukishavuka mlango na kukata kona unatokea kwenye kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, na vyumba vimepangwa nyuma yake kimoja baada ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Ni vyumba virefu na vyembamba, na wembamba huo hakuuchagua mwenye nyumba. Uliamuliwa na mti. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ikivushwa zaidi ya takriban mita tatu kati ya ukuta na ukuta hupinda kwa uzito wa mawe na chokaa vilivyo juu yake. Basi chumba kikawa chembamba, na kwa wembamba wake mwanga wa kiwandani ukakifikia chote.

Utazame ukuta wa mwisho, ule wa ndani kabisa. Umejaa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zilizochongwa kwa lipu ya chokaa na ambamo zamani zilipangwa sahani na bakuli za Kichina. Mwanga unaofika hapo umeshapita kiwanda na misana yote miwili. Unakuja kwa chini, umepoa, na unagusa kingo za zidaka: mdomo wa chini wa kila kidaka unang'aa kidogo, paa lake linabaki na kivuli. Chokaa hairudishi mwanga kwa kuutupa machoni kama ifanyavyo rangi ya mafuta. Inausambaza polepole, na mtu aliyezoea anaweza kutafuta kitu chake humo bila kuwasha taa. Hakuhitaji zaidi ya hapo. Ndani palikuwa pa kulala, pa kujifungulia na pa kuhifadhi vya thamani. Kazi za macho, kama kuchambua nafaka, kusuka ukili na kushona kofia, zilifanyiwa kiwandani na misanani, kwenye mwanga mwingi. Waliojenga nyumba zile waliupanga mwanga kwa daraja, kila kazi na kiasi chake. Urefu wa boriti, upana wa chumba na mahali pa kukaa mshonaji vilikuwa uamuzi mmoja.

Huku kwetu Mrima, pwani ya Bara, nyumba ya mtu wa kawaida ilikuwa ya vyumba sita: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma penye jiko na choo, na baraza mbele. Ukikitazama chumba chake peke yake utasema mafundi wa zamani hawakujua lolote kuhusu mwanga, kwa maana dirisha lilikuwa dogo, la mbao, na likifungwa kunakuwa usiku. Lakini hakuna aliyeshinda chumbani. Chumba kilikuwa cha kulala, na mchana kutwa watu waliishi uani na barazani. Upenu wa makuti ulishuka hadi karibu na kimo cha mtu, jua la juu likabaki juu, na mwanga uliogonga mchanga wa nje ukainuka na kuingia barazani bila ukali. Fundi cherehani alikaa hapo. Mshona viatu alikaa hapo, na msusi, na mchonga mbao aliyetoa masanduku na vitanda. Baraza ndiyo iliyokuwa karakana ya mji. Ilikuwa na mwanga wa pande tatu, hewa inayopita, na mteja anayesimama mlangoni kusalimia. Nyumba ile ilikuwa na akili nyingi, ila akili yake ilikuwa pembeni, na katikati palikuwa pa kulala tu.

Kizazi changu kikapaondoa pembeni hapo. Kila hatua ilikuwa na sababu, na sababu nyingi zilikuwa za kweli, kwa hiyo nazitaja kwa heshima. Hali ya maisha ilipobana miaka ya themanini, wizi ukazidi, tukaweka grili na kujenga ukuta wa uzio. Bati linauzwa kwa urefu, na mwenye pesa ya kuungaunga hawezi kulipa mita ambayo haifuniki chumba, hivyo upenu tukaukata mfupi. Uani tukajaza vyumba vya kupangisha, na kodi yake ndiyo iliyosomesha watoto. Baraza tukaizungushia ukuta ikawa fremu ya duka. Jiko likaingia ndani. Televisheni, ambayo Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwaka 1974, ikafika Tanzania Bara mwaka 1994, na jioni ambayo watu waliimalizia nje ikaanza kumalizikia sebuleni. Mtu mmoja mmoja alikuwa na haki ya kufanya alichofanya. Ukijumlisha yote unapata nyumba iliyopoteza kila mahali ilipopatia mwanga, na imebaki na kile chumba cha kulala chenye dirisha dogo. Humo sasa tunataka mtoto asome, mama ashone, kijana achore na kuhariri picha.

Linaloniuma zaidi ni kwamba jambo hili lilitokea wakati ambapo mafundi walikuwa na uhuru ambao hawakuwahi kuwa nao. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza kazi mwaka 1966. Saruji na nondo zikavunja amri ya boriti. Chumba sasa kingeweza kuwa na upana wa mita tano bila nguzo ya katikati, na dirisha lingeweza kuchukua karibu ukuta mzima, kwa kuwa linta ya zege hubeba uzito ulio juu yake na kuushusha pembeni. Fundi wa Lamu angepewa nondo kumi tu angefanya maajabu.

Tena wapo miongoni mwetu waliotuonesha njia. Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, alibuni Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni miavuli ya zege iliyosimama juu ya nguzo zake, kila mwavuli ukiwa umefunguka kuelekea juu ili upokee mvua na kuishusha kwenye matangi yaliyo chini ya soko. Chini ya miavuli hiyo soko likabaki wazi kwa hewa na mwanga wa mchana, na muuza viazi alikuwa na kivuli bila kuwa gizani. Nguzo ileile iliyobeba paa ilikuwa mfereji wa maji, na paa lilelile lilikuwa kivuli cha watu wengi. Moto wa Julai 2021 uliliunguza jengo lile, lakini haukuliunguza funzo lake. Yupo pia Anthony Almeida, aliyezaliwa Dar es Salaam, akasomea usanifu Bombay na kurudi kuujenga mji wake. Ukiyatazama majengo ya wakati wake utaona mabapa ya zege yaliyotokeza juu ya madirisha kuzuia jua, tofali za matundu kwenye ngazi, na korido zilizo wazi upande mmoja zinazopitisha upepo. Tulizipita korido hizo tukienda kulipia karo za watoto, na tulipofika viwanjani kwetu tukapiga kamba ya nyumba yenye korido iliyozibwa pande zote mbili.

Maarifa yalikuwepo mjini. Hayakuvuka barabara kuingia majumbani. Nguvu ya saruji tuliitumia kukifanya chumba cha zamani kiwe kigumu zaidi, na kwa kuwa hakuna aliyetuuliza mwanga utatoka wapi, hatukujiuliza.

Mwashi aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alijiuliza. Yeye hakupiga kamba siku ileile aliyooneshwa kiwanja. Alichomeka fimbo wima katikati, akaweka jiwe kwenye ncha ya kivuli chake asubuhi, jingine adhuhuri, jingine alasiri. Kisha akaenda kwa jirani mwenye umri mkubwa kuliko wote akamuuliza maji ya masika hukimbilia wapi, kusi hupiga dirisha gani, na kaskazi ikivuma joto hupungua upande gani wa nyumba. Aliporudi ndipo alipotoa futi. Wengi walidhani anapoteza siku. Sasa nina maneno ya kueleza alichokuwa akikipima.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Jua hupita juu kabisa ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba adhuhuri jua huwa upande wa kaskazini, na mwezi Juni huinama kama nyuzi 30 kutoka utosini. Kati ya Oktoba na Machi huwa upande wa kusini, lakini haliinami zaidi ya nyuzi 17. Maana yake kwa mjenzi ni rahisi. Dirisha la kaskazini lenye kimo cha futi 4, yaani takriban mita 1.2, likiwekwa upenu wa sentimita 70 unaoanzia juu yake tu, halitapigwa na jua la adhuhuri mwaka mzima. La kusini linahitaji karibu nusu ya upenu huo. Mwanga wa anga utaingia tele, na ukali wa jua utabaki nje. Lakini dirisha la mashariki au la magharibi halina upenu wa kulitosha, kwa sababu asubuhi na jioni jua huja usawa wa macho. Huko hutakiwa mti, tofali za matundu, kibaraza kirefu, au vyumba visivyokaliwa mchana kama stoo na bafu. Kwa hiyo nyumba ya pwani yetu inataka kulala urefu wake mashariki hadi magharibi, na vyumba vya kazi vifunguke kaskazini na kusini. Bahati njema, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki na kusi kusini-mashariki, kwa hiyo madirisha yanayokwepa jua hukutana pia na sehemu ya upepo.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu naona vijana wakichukua mashauri ya nchi za mbali bila kuyapima. Wachoraji wa Ulaya walizoea kuweka dirisha kubwa la karakana upande wa kaskazini. Walikuwa sahihi: kwao, wakati wa kazi, jua huwa upande wa kusini, na mwanga wa kaskazini hubaki tulivu, haubadilishi rangi ya picha kati ya asubuhi na jioni. Mchoraji wa Msasani akifanya hivyo bila upenu, Juni atakuta jua limekaa juu ya turubai yake. Kwetu anayetaka mwanga tulivu afadhali autafute kusini chini ya upenu, au kwenye baraza pana, au uani kwenye kivuli. Mwanga una tabia ya mahali, na anayeujua ni yule aliyekaa mahali hapo akiutazama.

Kuna kanuni nyingine ambayo haikuandikwa kwenye ramani zetu za kunakili. Mwanga wa kutosha kufanyia kazi huingia chumbani kwa kina cha takriban mara mbili ya kimo cha kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa dirisha. Ukingo ukiwa mita 2.1 juu, kazi ya macho inawezekana hadi mita 4 hivi ndani, na kutoka hapo unatafuta taa. Kwa hiyo kulipandisha dirisha kunaleta mwanga zaidi kuliko kulipanua. Nyumba zetu nyingi zina ukuta mtupu kati ya dirisha na dari, na huo ndio ukuta ambao ungefanya kazi kubwa kuliko wote kama ungefunguliwa wakati wa kujenga.

Nyumba njema si mlango, walisema waliotutangulia. Nikienda kwa vijana wanaoishi kwa kazi za mikono na ubunifu, methali hiyo hunijia. Siku za karibuni nilikaa kwenye fremu ya binti mmoja mshonaji. Mbele kuna mlango wa bati wa kukunja, kuta tatu zimezibwa, na cherehani yake imesukumwa ukutani nyuma kabisa ili mbele papate nafasi ya kuning'iniza nguo za maonyesho. Alikuwa akipinda suruali ya bluu iliyokoza kwa uzi mweusi. Kila baada ya mishono kadhaa aliinuka, akaipeleka suruali mlangoni, akaigeuza kwenye mwanga kuangalia kama mstari umenyooka, kisha akarudi kukaa chini ya taa. "Babu, macho yananiuma ikifika saa kumi," aliniambia. Tulihamisha vitu viwili tu. Nguo za maonyesho zikaenda nyuma, cherehani ikaja mbele, ikakaa ubavu kwa mlango ili kivuli cha mkono wake kisiangukie sindano. Umeme wa Luku sasa anautumia kwa pasi na kwa usiku. Ukuta haukuguswa, ila tulikubaliana kwamba mwenye fremu akikubali, juu ya ukuta wa nyuma zitakatwa tofali mbili zitiwe za matundu, hewa ipate pa kutokea.

Kizazi cha binti huyu kimebeba jambo ambalo halikutupata sisi. Sisi tulikwenda kazini, kiwandani, bandarini, ofisini, na nyumba ikabaki mahali pa kurudi. Wengi wao wanafanyia kazi pale wanapolala. Wanashona, wanachora, wanarekodi muziki, wanahariri filamu, wanasanifu mabango, wanafundisha wanafunzi walio mbali, wote ndani ya vyumba vilivyokusudiwa kitanda na sanduku. Wanahitaji mwanga kuliko tulivyouhitaji, na tumewaachia mchache kuliko tulioachiwa.

Wapo wanaoanza kuutafuta. Kaskazini mwa Kenya, kando ya Ziwa Turkana, msanifu Francis Kéré wa Burkina Faso alijenga chuo cha vijana wanaojifunza kazi za kompyuta, kilichokamilika mwaka 2021. Huko joto ni kali na vumbi huua mashine. Juu ya majengo yale yamesimama minara mirefu iliyochukua umbo la vichuguu vya eneo lile. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu ya mnara, na hewa baridi huvutwa kuingia kwa matundu ya chini, hivyo chumba kinapoa kabla mtu hajawasha kiyoyozi. Mabaraza yenye kivuli yamewekwa kuwa mahali pa kukaa na kujadiliana. Mwaka uliofuata Kéré alipewa tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata. Nilipoziona picha za chuo kile niliwatambua babu zangu. Ni kanuni ya baraza na ya kiwanda cha nyumba za Lamu, imechukuliwa na mtu mwenye saruji na hesabu, ikapewa kompyuta.

Lakini naona pia njia nyingine ikishika kasi mjini, nayo inanitia hofu. Vijana waliokulia gizani wameyakimbilia majengo ya vioo. Mbele kioo kitupu, mara nyingi kikitazama barabara iliyo magharibi, bila upenu hata wa shubiri. Wanasema wanataka mwanga. Mchana kioo kile hupitisha jua, jua hupasha sakafu na meza, na joto halipati pa kutokea. Kiyoyozi kinawashwa, pazia zito linafungwa kuzuia mng'aro, na chini ya pazia taa inawaka saa sita mchana. Wamerudi kulekule tulikowaacha, kwa gharama kubwa zaidi. Mwanga usiopimwa kwa kivuli haufanyiwi kazi, na nyumba za zamani zililijua hilo kabla ya kioo kuletwa. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, ilikuwa ya kwanza visiwani kuwashwa umeme, na bado Sultani Barghash aliizungushia varanda pana juu ya nguzo za chuma kila ghorofa na kuiachia ukumbi mkubwa katikati. Aliyekuwa na taa kabla ya wote hakuacha kupanga kivuli.

Jengo hilohilo lina onyo jingine. Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na kuua watu. Nawaambia vijana wanaotaka kufungua nyumba walizorithi: ukuta hauna haki ya kuondoka kwa sababu unaleta giza. Ulizeni kwanza umebeba nini. Linta isikatwe. Nguzo isichongwe ili dirisha lipate kutosha. Ukuta uliobeba kenchi au dari ya zege usiguswe kabla fundi mwenye ujuzi hajaukagua na kuweka mhimili wa kuupokea mzigo. Mwanga na muundo ni jambo moja, na anayeufuata mmoja akausahau mwingine hujuta.

Yako mengi yanayowezekana bila kuvunja. Dari ipakwe nyeupe isiyong'aa, na ukuta unaotazamana na dirisha vivyo hivyo. Koridoni, penye bati tupu lisilo na dari, bati moja libadilishwe kwa la plastiki linalopitisha mwanga, upande usiopigwa na jua la alasiri. Juu ya milango ya ndani paachwe tundu pana lenye kioo au wavu, mwanga wa chumba cha mbele ukisaidie cha nyuma. Ukuta wa uzio unaotazamana na dirisha upakwe chokaa, nao utarudisha mwanga ndani. Mpangaji wa uani akihama, chumba chake kimoja kibomolewe na ua urudi, maana hasara ya kodi hiyo hulipwa na vyumba vitatu vinavyopata kupumua. Na chumba chenye mwanga bora kuliko vyote, ambacho kwa mazoea tumekifanya sebule ya wageni wanaokuja Idi na Krismasi, apewe anayefanya kazi kila siku.

Wazee wenzangu waliobaki, nawasihi jambo moja. Mwanao akikuambia amenunua kiwanja, usisubiri kualikwa siku ya kuezeka. Nenda siku ya kwanza, kabla ya kamba na kabla ya msingi, maana nyumba ikishatazamishwa upande mbaya hakuna rangi wala feni itakayoigeuza. Nenda na fimbo, ukae hadi jioni, umwambie unachokijua kuhusu kusi na kaskazi za mtaa ule. Hayo hayamo kwenye ramani aliyoinunua, na sisi tukiondoka bila kuyasema atayajifunza kwa bili za umeme.

Na ofisi zinazopitisha ramani, ambazo huuliza upana wa barabara, umbali wa shimo la choo na idadi ya vyumba, ziongeze swali moja kwenye fomu zao: kazi ya mchana itafanyiwa chumba gani, na mwanga wake utatoka wapi? Sisi hatukuulizwa. Kizazi kinachojenga leo kikilazimika kulijibu swali hilo kabla ya kuchanganya zege, kitachukua uimara tulioujenga na kuuongezea mwanga tuliouacha nje, na wajukuu zake watashona, watachora na kusoma mchana kweupe bila kuwasha taa.